Nani Huzibua Mfongo wa Programu Huria?

Mwisho wa mwezi, katika zahanati za Kibosho, Uru au Marangu mkoani Kilimanjaro, kuna kazi ambayo wagonjwa hawaioni. Muuguzi hufungua vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya, na kujumlisha vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimevikata: waliougua malaria, wajawazito waliohudhuria kliniki mara ya kwanza, watoto waliochanjwa. Takwimu hizo hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliosambazwa nchi nzima miaka ya mwanzo ya 2010.

DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, hauna ada ya leseni, na usukani umeshikwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila hao nao hawakuandika kila mstari. Mfumo umejengwa juu ya vipande vingi vya watu wengine, na vipande hivyo vimebeba vingine ndani yake. Huo ndio mnyororo wa ugavi wa programu.

Desemba 2021 mnyororo huo ulitikisika. Kipande kiitwacho Log4j hufanya kazi ya kikarani tu: kuweka kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva, nani kaingia, saa ngapi, hitilafu gani imejitokeza. Bahati mbaya kilikuwa kimepewa pia uwezo wa kutafsiri baadhi ya maandishi kinayoyanakili. Mtu akiandika fungu fulani la herufi kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, Log4j ililichukua kama agizo: ikaenda kwenye anwani iliyotajwa, ikaleta msimbo kutoka huko na kuuendesha. Nywila haikuhitajika. Chen Zhaojun wa Alibaba alikuwa ameshawaarifu watunzaji wa Log4j mwishoni mwa Novemba; habari zilipozagaa Desemba, udhaifu huo ukapewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. DHIS2 ilikuwa na Log4j tumboni. Marekebisho yalitolewa mwezi uleule, lakini hayaponyi seva ya mtu mpaka mwenyewe ayasakinishe.

Wachaga wanaijua hali hii kupitia mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia. Mdomo wa mfongo uko juu, karibu na msitu, umepangwa mawe na magogo ya migomba. Maji hupita kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, vya watu wengi kabla hayajafika kwako, na aliye chini huvuna uzembe wa aliye juu. Ndiyo maana mfongo una mzee wake, una siku ya kuzibua matope, na asiyetokea hutozwa faini. Programu huria ina maji na ina vihamba, ila siku ya kuzibua mara nyingi haina. Log4j ilitumiwa na makampuni yenye mapato makubwa kuliko serikali nyingi, huku ikitunzwa na watu wachache wa kujitolea.

Mwaka 2024 upweke wa watunzaji ulionekana kwa sura mbaya zaidi. xz ni programu ya kubana mafaili, imo katika karibu kila kompyuta ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, peke yake, bila malipo, naye alisema wazi kwamba afya yake ya akili ilikuwa inamlemea. Mwaka 2021 alijitokeza mtu anayejiita Jia Tan, akituma marekebisho mazuri, mpole, mwenye subira. Baadaye majina mengine yasiyojulikana yakaanza kumsonga Collin: mbona unachelewa, kwa nini usimwachie mwingine? Hatimaye Jia Tan akakabidhiwa funguo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa uani, ambao mwenye ufunguo wake angeweza kuupitia na kuiamuru seva akiwa mbali.

Hapa ndipo ninapoona ujanja wenyewe. Sehemu ya msimbo huo mbaya ilifichwa kwenye mafaili ya majaribio, na hatua ya kuiamsha haikuwamo kwenye hazina ya wazi ambayo kila mtu hukagua. Ilikuwa kwenye kifurushi kilichoandaliwa tayari kupakuliwa. Ungesoma msimbo wa hadharani mchana kutwa usione kitu. Aliyeunasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, baada ya kukereka kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Alichimba, na tarehe 29 Machi akatangaza. Aina kuu za Linux zinazoendesha seva nyingi zilikuwa bado hazijayapokea matoleo hayo.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba uwazi peke yake ni kinga. Uwazi unampa Freund nafasi ya kuchimba. Haumlazimishi mtu kuchimba. Wataalamu sasa wanahimiza programu iundwe mara mbili, mahali tofauti, kutoka msimbo uleule, kisha matokeo yalinganishwe hadi biti ya mwisho. Kifurushi kilichochezewa kingeweza kuumbuka hapo, iwapo kingelinganishwa na kilichoundwa kutoka hazina ya wazi. Wanahimiza pia kila mfumo uje na orodha ya vijenzi vyake. Bila orodha hiyo, siku ya Log4j ofisa TEHAMA wa halmashauri hana hata pa kuanzia kutafuta.

Kwetu utepe hukatwa siku ya uzinduzi. Sijasikia uliokatwa siku ya kusasisha seva. Vijana wa Dar es Salaam wanaounda programu za DHIS2 wangeweza kulipwa saa kadhaa kila mwezi kukagua vipande vya wenzao huko juu. Na mkataba wa mfumo wowote wa hospitali au halmashauri ungeandikwa mambo matatu: orodha ya vijenzi kwa kila toleo, siku ambazo marekebisho ya dharura lazima yawe yamesakinishwa, na nani atakayepigiwa simu udhaifu ukitangazwa wakati wa sikukuu. Freund alitangaza siku ya Ijumaa Kuu.