Jiwe la Pwani na Swali la Mjenzi

Mtu wa pwani akisafiri mpaka Sori, kando ya Ziwa Viktoria, hatakuta nyumba ya matumbawe wala vidaka vya chokaa. Hata hivyo, katika kaunti hiyo hiyo ya Migori zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, mawe matupu yaliyopangwa bila chokaa, ambazo UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001. Kuta za kule huhesabiwa kazi ya wenyeji, basi. Za kwetu ndizo zisizokwisha kuulizwa: ni za Mwarabu, za Mwajemi au za Mwafrika?

Swali hilo amelikataa Prita Meier, mwanahistoria wa sanaa aliyepata udaktari wake Harvard, akafundisha Illinois, kisha Chuo Kikuu cha New York. Katika kitabu chake cha mwaka 2016, Swahili Port Cities, anauliza jambo jingine: muungwana wa bandarini alitaka nini alipojenga kwa jiwe? Jawabu lake ni kwamba jiwe lilikuwa dai. Mwenye nyumba ana kwao, tena anajulikana ng'ambo. Sahani ya Kichina kidakani haikumfanya Mchina. Ilimkamilisha kuwa mtu wa Mombasa. Ugomvi wa asili ulikazwa na serikali ya kikoloni, iliyowagawa watu kuwa Waarabu na wenyeji, kila kundi na haki zake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye uzito, maana majina yale hayakubaki katika makaratasi tu.

Mwaka 2017, yeye na Allyson Purpura walifungua huko Illinois maonyesho ya sanaa za Waswahili, yakafika Washington na Los Angeles. Vitu vya Kenya na vya Oman vilikaa chumba kimoja. Kitabu chake cha mwaka 2024 kinahusu picha za kamera, zilizoingia majumbani mwetu kama pambo jingine lililoletwa na bahari. Humo anakumbusha kwamba si wote waliopigwa picha waliridhia, watumwa hawakuulizwa.

Vitabu hivi ni vya Kiingereza, na majengo yenyewe hayangoji tafsiri. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyokamilishwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ilipokuwa ikitengenezwa. Mafundi wawili walifariki.