Jinsia na Mamlaka katika Bunilizi ya Kisayansi

Bunilizi ya kisayansi huugeuza ulimwengu ili tuuhoji. Katika hadithi yake "Ndoto ya Sultana" (1905), Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal anasawiri nchi ambamo wanaume ndio wanaotawishwa, nao wanawake wanatawala kwa sayansi: wanahifadhi joto la jua na kuteka maji mawinguni. Msomaji anayecheka wanaume kufungiwa ndani analazimika kujiuliza kwa nini hakucheka walipofungiwa wanawake. Aidha, katika hadithi hiyo elimu ya wasichana ndiyo inayotangulia mamlaka. Rokeya aliufuata utaratibu uo huo maishani: mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta, na mwaka 1916 akaanzisha chama cha wanawake Waislamu.