Askari na Masomo ya Jioni: Saa Zitatoka Wapi?

Jua la Kigali, mji usio mbali na Ikweta, huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Wakati mafundi seremala wa Gisozi wanafunga karakana zao, watu wengine huanza kukipanda kilima hicho kutoka bonde la Kinamba, hawa kwa basi, wale kwa pikipiki, mikoba ya vitabu ikiwa begani. Hao ni wanafunzi wa jioni wa Chuo Kikuu Huru cha Kigali, kijulikanacho zaidi kwa ufupisho wake wa Kifaransa, ULK.

Chuo hicho kilianzishwa na Profesa Rwigamba Balinda mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Taifa lilikuwa limepoteza walimu, makarani, waganga na mahakimu. Waliosalia walihitajika kazini mchana kutwa, na aliyetaka elimu ilimbidi aitafute baada ya kazi.

Tunawaletea habari hizi wapiganaji wetu na askari polisi kwa kuwa wengi wao wanatamani shahada, na swali lao la kwanza huwa ni ada. Kwa maoni yetu ada ni swali la pili. La kwanza ni saa.

Hebu tufanye hesabu. Katika vyuo vya Rwanda krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka kamili wa masomo una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Wengi hudhani kwamba saa zote hizo ni za darasani. La hasha! Ndani yake zimo saa za kusoma peke yako, za kuandika mazoezi na za kujitayarisha kwa mitihani. Zigawe kwa majuma 40, utapata saa 30 kwa juma. Tuseme mwanafunzi hukaa darasani saa tatu kila jioni kwa siku tano, yaani saa 15. Zimesalia 15 nyingine, ambazo hazimo katika ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani, wala hapana mwalimu atakayeita majina ndani yake. Hapo ndipo huanguka hata watu wenye akili nzuri.

Mtumishi wa ofisini ana afadhali. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi nchini Rwanda ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. (Msomaji asihofu kupotea: hata katika Kinyarwanda saa hutajwa kwa maneno yaliyotoka katika Kiswahili chetu.) Mtumishi huyo akiamka alfajiri na kusoma saa mbili kabla ya kwenda kazini, amekwisha kupata saa 10 kwa juma. Tano zilizobaki atazipata Jumamosi, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo asubuhi yake ni ya umuganda.

Askari je? Juma hili yuko zamu ya asubuhi, juma lijalo ya usiku, na katikati yake huenda akaitwa doria bila taarifa. Ratiba ya kila siku haimfai. Itavunjika kabla ya Jumatano. Yeye ahesabu kwa juma. Orodha ya zamu ikitoka tu, na achukue kalamu atie alama mahali zitakapokaa saa zake 15. Zamu ikiangukia saa ya darasa, atafute mapema mwenzake wa kubadilishana naye, kwa idhini ya mkuu wake. Ikishindikana, darasa alilokosa ni deni la saa tatu, na daftari la mwanafunzi mwenzake alinakili kabla siku mbili hazijapita.

Haraka hiyo ina sababu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alitoa kitabu kuhusu kumbukumbu. Alionyesha kwamba mtu husahau sehemu kubwa katika saa za mwanzo, na kwamba kujifunza kulikotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko kulikorundikwa katika siku moja. Kwa hiyo askari mwenye vipande vya nusu saa hapa na pale hajapoteza kitu. Lakini vipande hivyo viwe kambini au nyumbani. Kitabu lindoni ni kosa, hata kiwe cha sheria.

Wapo washauri wanaosema kwamba mtu mzima anayesoma hana budi kupunguza usingizi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Karani aliyekesha atakosea kujumlisha, na kesho yake atafuta. Askari aliyekesha ana bunduki mkononi, au ameshika usukani wa lori lililobeba wenzake ishirini. Juma lina saa 168. Toa 49 za usingizi, saba kila usiku; toa 48 za kazi, 30 za masomo na 10 za safari. Zinabaki 31 za familia, ibada, kufua na kupumzika. Ni chache, lakini zipo, na humo ndimo mnamotakiwa kupunguzwa: katika simu, na katika mabishano ya mpira yanayoanza saa mbili na kwisha saa tano. Mwenzi wa nyumbani aonyeshwe hesabu hii kabla ya kujiandikisha, maana saa nyingi kati ya hizo ni zake pia.

Liko pia suala la likizo. Askari wengi huimaliza katika harusi na safari za kijijini, kisha msimu wa mitihani huwakuta hawana hata siku moja. Kalenda ya chuo ikitolewa, ombi la likizo liandikwe juma lile lile, tarehe za mitihani zikiwa zimeambatanishwa. Na dharura ya kazi ikilazimu ombi likataliwe, mwanafunzi apeleke chuoni barua ya mkuu wake kabla ya siku ya mtihani, aombe kuahirishiwa, na nakala abaki nayo.