Nusu ya pili ya tiketi

Mama mmoja wa Kamenge, mtaa wa hapa Bujumbura, anayeuza vitenge na viatu vya watoto, alikata kwangu tiketi ya kwenda Dubai na kurudi kupitia Nairobi. Siku chache kabla ya kuondoka akapata shughuli Nairobi, akaona bora atangulie kwa basi kupitia Tanzania, halafu apande ndege ya Dubai akiwa hukohuko. Tiketi si anayo mkononi? Alipofika kaunta Nairobi akaambiwa safari yake imefutwa yote, ya kwenda na ya kurudi. Viza ilikuwa inakula siku zake, na fedha ya mtaji ndiyo ikanunua tiketi nyingine. Sikumweleza jambo hilo siku aliponilipa. Ndiyo maana nalieleza leo kwa kirefu.

Tiketi ya kwenda na kurudi, ambayo hapa Bujumbura wengi tunaiita aller-retour, si tiketi mbili zilizobandikwa pamoja. Ni mkataba mmoja wenye vipande, na vipande hivyo hutumika kwa mpangilio wake. Enzi za tiketi za karatasi jambo hili lilionekana kwa macho: ulikuwa na kijitabu, na mhudumu alichana ukurasa mmoja kila ulipopanda ndege. Tarehe 1 Juni 2008 mashirika wanachama wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, yaliachana na tiketi za karatasi. Kurasa zile bado zipo, ila sasa zimo ndani ya kompyuta. Usipotokea kwenye safari ya kwanza na hukutoa taarifa, unaandikwa kuwa hukufika, na kwa kawaida kila kipande kinachofuata hufutwa. Kiti chako cha kurudi kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine wakati wewe bado unapanga mizigo. Mama yule angepiga simu kabla ndege haijaondoka Bujumbura, tiketi ingeweza kubadilishwa, hata kama ni kwa kuongeza pesa.

Watu huniuliza kwa nini tiketi ya kwenda tu mara nyingi si nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Kampuni ya ndege haiuzi umbali kama muuza kitambaa anavyouza mita. Inauza kiti kwa kukisia mnunuzi ni nani. Anayejua tarehe ya kwenda na ya kurudi miezi miwili kabla huwa anatafuta nafuu, kwa hiyo hupewa bei ya chini yenye masharti mengi. Anayekata leo ili aondoke kesho huwa amebanwa, naye hulipishwa zaidi. Ndiyo maana watu wawili hukaa bega kwa bega, mmoja amelipa karibu maradufu ya mwenzake. Tofauti yao imefichwa katika msimbo mfupi ulioandikwa kwenye tiketi, ule wa nauli. Msimbo huo ndio unaosema kama unaweza kubadili tarehe, kama utarudishiwa pesa, unaruhusiwa mizigo kiasi gani, na mwisho wa kurudi ni lini.

Hapo ndipo bei ya chini inapoweza kugeuka hasara. Hospitali ya Chuo Kikuu iko hapahapa Kamenge, na mara kwa mara nakutana na familia iliyoamua kumpeleka mgonjwa Nairobi au India. Wote huanza kwa kuuliza tiketi ya bei rahisi kabisa. Lakini hakuna daktari anayeweza kuahidi tarehe ya kutoka wodini. Mgonjwa na anayemsindikiza wanahitaji tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe ya kurudi, hata ikiwa ghali kidogo. Tiketi za namna hiyo nyingi hudumu mwaka mmoja. Mwanafunzi anayekwenda masomoni naye yuko katika hali hiyohiyo.

Tiketi ya kwenda tu ina watu wake. Wakimbizi wa Burundi walioikimbia nchi mwaka 1972, kisha wakahamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, kuanzia 2007, waliruka kwa tiketi za namna hiyo, kwa mkopo wa nauli ambao walitakiwa kuulipa baada ya kufika. Lakini msafiri mwenye viza ya matembezi akitokea kaunta bila tiketi ya kurudi, atahojiwa. Mhudumu wa kaunta hafanyi hivyo kwa ukorofi: abiria akikataliwa kuingia nchi anayokwenda, kampuni iliyomleta ndiyo yenye wajibu wa kumrudisha, na nchi nyingi huitoza faini juu yake.

Kuna aina ya tatu ambayo watu wetu hawaiombi, nami naipenda sana: kuingia mji mmoja na kurudi kutoka mji mwingine. Unaruka hadi Nairobi, unapanda basi hadi Kampala kumwona ndugu, unarudi Bujumbura kutoka Entebbe, uwanja wa ndege wa huko. Ikikatwa kama tiketi moja, bei yake mara nyingi hukaribia ile ya kawaida ya kwenda na kurudi. Mama yule wa vitenge angeweza kukatiwa tiketi inayoanzia Nairobi na kuishia Bujumbura tangu mwanzo, kama angejua anakwenda huko kwa basi.

Jihadhari na karatasi inayoitwa tiketi kumbe si tiketi. Namba yenye alama sita, herufi na tarakimu zikichanganyika, ni ya kuwekewa nafasi tu, na usipolipa kwa muda uliopangwa nafasi hiyo hufutika. Tiketi iliyolipwa ina namba ndefu ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni ya ndege. Usipoiona namba hiyo, usiondoke ofisini.

Na saa! Tiketi haijui saa ya Kiswahili. Imeandikwa 03:15, nawe ukaisoma saa tatu na robo. Ukifika uwanjani asubuhi, ndege imeshaondoka saa tisa na robo usiku. Ikiandikwa tarehe 14 saa 00:40, maana yake uwe kwenye uwanja wetu wa ndege wa Melchior Ndadaye usiku wa tarehe 13. Tena kila saa iliyoandikwa ni ya mji wenyewe, na miji ya Nairobi na Addis Ababa iko mbele yetu kwa saa moja.

Tiketi isiyorudishiwa fedha nayo isikukatishe tamaa. Kampuni ikifuta safari yenyewe, kama wengi walivyofutiwa uwanja wetu ulipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Novemba mwaka huo, sharti lile la bei ya chini si jibu la kukupa; dai pesa yako au tarehe nyingine. Na hata usiposafiri kwa sababu zako mwenyewe, uliza kodi za uwanja wa ndege, kwani kampuni nyingi huzirudisha kwa anayeomba.

Kabla hujalipa, mwombe wakala akusomee masharti kwa lugha unayoielewa, Kiswahili au Kirundi, mpaka mwisho. Na safari ya kwanza ikikushinda, mpigie simu kabla ndege haijaruka, hata kama ni usiku wa manane.