Daftari Linarudi Jeupe

Mama mmoja aliniletea daftari la mwanawe wa miaka 5, mwanafunzi wa darasa la awali. Kurasa kumi na moja za picha za kupaka rangi: embe, samaki, bendera, nyumba, jogoo. Karibu zote zilikuwa nyeupe. Jogoo peke yake alipata mstari mwekundu, ukakatiza shingoni na kuishia hapo. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika: “Mvivu. Afuatiliwe nyumbani.”

“Daktari,” akaniambia (mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, si daktari, ila nimechoka kusahihisha), “nimemnunulia boksi la rangi 24. Nimembembeleza, nimemchapa. Hataki tu.”

Sikumuuliza mtoto kwa nini hataki. Wa umri huo atakujibu “sipendi”, na utabaki pale pale. Nilimpa karatasi na kalamu ya rangi, nikakaa kumtazama. Aliishika kwa ngumi kama mtu aliyeshika mchi, na mkono mzima ukawa unazungushwa kutoka begani. Dakika mbili hazijaisha, akaiweka chini na kuutikisa mkono. Alikuwa amechoka, kama mtu mzima anavyochoka akibeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa ikiwa bado gegedu, kisha hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huonekana akiwa na miaka 9 hadi 12 hivi. Ukipiga eksirei mkono wa mtoto wa miaka mitatu utaona mifupa michache na nafasi tupu nyingi. Ushikaji nao una hatua zake. Mwaka wa pili ni ngumi. Wa tatu, vidole vyote hushuka juu ya kalamu. Kati ya miaka 4 na 6 ndipo gumba, kidole cha shahada na cha kati vinaposhirikiana, na mwendo ukatoka vidoleni badala ya begani. Watoto wa darasa moja huweza kupishana hapo kwa mwaka mzima bila yeyote kuwa na kasoro.

Basi mkono ukiwa bado haujakomaa, kumrundikia picha za kupaka ni kumchosha zaidi. Nguvu ya vidole hutafutwa pengine. Mpe mahindi apukuchue. Amenye karanga, akamue limau, akande donge la unga wakati wewe unasukuma chapati, akusaidie kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio. Udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko vyote, na ni bure. Zamani watoto walifanya haya bila kuambiwa. Siku hizi wengi wanafika darasani kidole chao kimezoea kazi moja, kuteleza juu ya kioo cha simu.

Kuhusu kalamu zenyewe, ushauri wangu huwakera wazazi: zivunjeni. Kipande cha sentimita tatu hakishikiki kwa ngumi. Mtoto hulazimika kutumia ncha za vidole, na ushikaji hubadilika wenyewe bila mtu kumfokea. Mama yule alinitazama vibaya nilipovunja ile nyekundu mpya, lakini mwanawe alicheka na kuomba avunje ya bluu.

Bandika karatasi ukutani pia, usawa wa macho yake. Akipaka akiwa wima, kifundo hupinda kuelekea nyuma na vidole hupata nguvu. Akirudi mezani, angalia miguu. Madarasa mengi ya awali yamerithi madawati ya wakubwa, na mtoto ambaye miguu inaning'inia hutumia nguvu zake kujizuia asianguke. Matofali mawili chini ya nyayo yanatosha.

Wapo wenye mkono imara lakini hukwama kwenye rangi yenyewe. Hapa Kiswahili kina jambo lake. Nyeusi, nyeupe na nyekundu zina majina yao; nyingi zilizobaki tumeziita kwa vitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Mtoto asiyewahi kuona zambarau amepewa neno tupu. Kwa hiyo usimuulize “hii rangi gani?” Mwaga vizibo vya soda mezani, umwambie aweke pamoja vinavyofanana. Akivipanga sawasawa, tatizo ni msamiati, litaisha. Akichanganya vyekundu na vya kijani mara kwa mara, mpeleke kliniki ya macho. Kipimo cha Ishihara, kilichotoka Japani mwaka 1917, hakidhuru, na kina kurasa ambazo mtoto asiyejua tarakimu hufuatisha njia kwa kidole. Upofu wa rangi wa aina hii huwapata zaidi wavulana, na mama huweza kuurithisha bila yeye kuwa nao. Muulizeni mjomba wake kama naye huchanganya.

Suala la mkono wa kushoto nitalisema kwa kifupi. Ale kwa kulia kama adabu ya nyumbani inavyotaka. Kalamu muachie mkono anaoupenda. Kumhamisha kwa nguvu humfanya aichukie kazi yenyewe.

Na wapo wanaochoshwa tu. Kujaza jogoo aliyechorwa na mtu mwingine si kazi tamu kwa kila mtu, na sioni kosa hapo. Mtoto wa namna hii mpe karatasi tupu achore gari la baba yake, utaona anavyozama. Kupaka rangi ni njia ya kuuandaa mkono kuandika. Mkono ukiandaliwa kwa kuchora, kukata kwa mkasi au kutunga shanga, lengo limetimia.

Ila msisubiri kama mtoto wa miaka 5 hawezi kuchora duara wala msalaba, kama mkono mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, au kama alikuwa anajua na sasa ameacha. Hao wafike hospitali.

Mwalimu wa mvulana yule nilimwandikia barua fupi: apewe mkia wa jogoo tu, si jogoo mzima, na ukiisha asifiwe. Alikubali, ingawa neno “mvivu” halikufutwa daftarini. Sasa mtoto yuko darasa la kwanza. Bado hapendi kupaka rangi. Jina lake analiandika lote, la kwake na la babake, bila kuutikisa mkono.