Kabla Hujachomelea, Pima Mlango wa Choo

Chukua futi kamba upime mlango wa choo cha nje katika nyumba ya kawaida, iwe Mlandizi au Maneromango. Mara nyingi hautafika sentimita 65. Kiti mwendo cha kukunja, kile kinachotolewa kwa wingi kama msaada, kina upana unaokaribia huo huo kutoka gurudumu hadi gurudumu, na anayejiendesha kwa mikono anahitaji nafasi zaidi asije akachubua vidole. Basi kiti kinabaki uani. Hatua tatu za mwisho, zile ambazo mtu mzima angetamani kuliko zote kwenda peke yake, anabebwa.

Nimeanza na choo makusudi, maana huko ndiko kifaa saidizi kinakopimwa kweli, na huko ndiko sisi wataalamu tusikofika.

Kibaha na Kisarawe ni wilaya za mkoa mmoja wa Pwani, lakini ardhi yake haimtendei mwenye kiti mwendo sawa. Ukiiacha lami ya barabara ya Morogoro hapo Kibaha, hukawii kukuta mchanga, na vigurudumu vidogo vya mbele vinazama. Kwenye vilima vya Kisarawe, masika udongo ukishalowa, shida haiko tena kwa aliyeketi bali kwa anayesukuma: yeye ndiye breki, na kandambili zinateleza. Ukimuuliza mama anayempeleka mwanawe kliniki atakueleza hayo yote kabla hujafungua daftari. Atakueleza pia kama kiti kinaingia kwenye daladala ya Gongo la Mboto au kinaachwa kituoni.

Somo hili la kumsikiliza mtumiaji limewahi kujifunzwa humu humu Afrika Mashariki. Amos Winter wa chuo cha MIT cha Marekani alifika Tanzania mwaka 2005 kuangalia hali ya viti mwendo, na baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti cha kuendeshwa kwa mitaimbo miwili, kipite njia mbovu. Mwaka 2009 walikileta kijaribiwe na watu wa huku. Barabarani kilifanya vizuri. Watumiaji wakasema ni kizito, ni kipana, na ndani ya nyumba kinasumbua. Wahandisi wakarudi mezani wakakipunguza uzito na upana. Naupenda mfano huu kwa sababu waliosahihisha mchoro hawakuwa wahandisi; walikuwa watu wenye nyumba zenye milango.

Pasipofanyika hivyo, kifaa hutupwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993, uliowahoji watu wazima 227 wenye ulemavu, ulikuta karibu asilimia 30 ya vifaa vyao vimeachwa, na mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati wa kuchagua.

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya ubunifu haviutaji. Tunakuja na kifaa kimekamilika, rangi inang'aa, tunauliza: “Je, kinakufaa?” Pwani mtu hamkosoi mgeni aliyemletea zawadi. Ataitikia kuwa kinafaa, atashukuru, atawaombea dua na wazazi wetu. Tunaandika “ameridhika” kwenye fomu, na baada ya miezi mitatu kiti kinawekewa ndoo za maji. Jibu lile halikuwa uongo, lilikuwa heshima. Aliyekosea ni aliyeuliza swali lile wakati ule. Mimi siku hizi nauliza: jana uliingiaje chooni? Nani alikushika, na alikushika wapi?

Tena mtumiaji na mlezi si mtu mmoja. Mama mwenye mtoto wa miaka tisa aliye na mtindio wa ubongo, aliyezoea kumbeba mgongoni kwa kanga, anataka kiti chepesi, chenye mpini unaolingana na kimo chake, na mkanda wa kukaza ili aende shamba bila hofu. Mtoto anataka mkanda ulegezwe aifikie meza. Wote wana haki, ila mama ndiye mwenye sauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaka serikali ishauriane na wenye ulemavu wenyewe, watoto wakiwemo. Kwa hiyo nazungumza na mama kando, kisha narudi kwa mtoto, na simharakishi akichelewa kujibu.

Huko Kisarawe bibi mmoja aliyepata kiharusi upande wa kulia aliletewa kiti cha choo cha chumbani. Hakukitumia. Alikuwa akiitikia tu kwamba ni kizuri. Mke wa mwanawe ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza: tundu limezungukwa pande zote, na bibi hujisafisha kwa maji. Mkono na kopo vipite wapi? Na asipokuwa safi, ataswalije?

Safari iliyofuata nilikuja na maboksi, kisu na gundi ya unga. Zimbabwe, Bevill Packer aliwahi kuonyesha kwamba karatasi zilizobandikwa tabaka kwa tabaka zinaweza kuwa kiti imara cha mtoto; mimi nilitaka kielelezo tu, kitu ambacho hakuna anayeona haya kukikata. Bibi alikaa, akaonyesha, tukakata mbele. Kisha akaomba boksi ligeuzwe, lisielekee kibla wala kukipa mgongo. Tukaligeuza. Akakaa tena, akajaribu kuigiza kushika kopo, akayumba. Mkono mzima ulikuwa mmoja tu, wa kushoto, na ndio uliokuwa ukimshikilia asianguke. Mkwewe akachukua kipande cha boksi kilichobaki akakisimamisha kuliani kwake, bibi akaegemea, na mkono wa kushoto ukawa huru.