Baiskeli za changarawe: Kwa nini mteremko wa Nyambene huhitaji maarifa kuliko mlima wake

MTU anayetoka Maua alfajiri juu ya baiskeli, akielekea upande wa Mbuga ya Wanyama ya Meru, hana haja ya kukanyaga pedali kwa muda mrefu. Mji huo umejikalia ubavuni mwa milima ya Nyambene, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya mbuga iko chini ya mita 1,000. Katikati yake ni kilomita 30 na ushei za kuteremka. Miraa humpisha pande zote mbili, kisha mahindi na ndengu, kisha mibuyu na joto.

Safari za namna hiyo ndizo zinazofaa ule mchezo uliozuka miaka ya hivi karibuni, wa kuendesha baiskeli za changarawe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani waliupa jina hilo kwa sababu huchezwa kwenye barabara zisizotiwa lami. Kwetu sisi hizo ni barabara za moramu tu, na hakuna aliyewahi kuziona kuwa uwanja wa michezo. Ni njia za kwenda shuleni, sokoni na zahanati.

Hata hivyo, Kenya haikubaki nyuma. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za aina hii yalifanyika Italia mwaka wa 2022, lakini mnamo Juni 2021 Maasai Mara ilikuwa tayari imeshuhudia mbio za Migration Gravel Race, za siku nne na takriban kilomita 650. Nyuma ya mbio hizo ilikuwapo timu ya Amani, yenye waendeshaji kutoka Kenya, Uganda na Rwanda.

Baiskeli yenyewe ni chotara. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana, aghalabu milimita 40 au zaidi, na fremu huacha nafasi ya kutosha ili tope lisikwame. Tofauti kubwa, hata hivyo, imo katika gia na breki, na ili kuielewa ni lazima kwanza kuielewa ardhi ya Igembe.

Milima ya Nyambene ilitokana na volkano. Imejinyoosha kutoka upande wa Mlima Kenya kuelekea kaskazini mashariki, na ubavu wake unaotazama pwani hupokea mvua inayoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Maji hayo hutafuta njia ya kwenda Mto Tana. Ndipo ikapatikana mito kama vile Thangatha, Ura na Rojewero, kila mmoja ukichimba bonde lake, na kati ya bonde na bonde kukabaki mgongo wa ardhi.

Kwa hivyo, barabara za huku ni za namna mbili. Ipo inayofuata mgongo, ambayo hushuka polepole na kumfikisha mtu chini bila usumbufu. Ipo pia inayokata mito, ambayo kila baada ya mwendo mfupi hutumbukia bondeni, huvuka daraja na kupanda tena upande wa pili. Ramani ya kawaida haimwambii mgeni tofauti hiyo. Kilomita 40 za mgongoni ni matembezi ya asubuhi. Kilomita 40 za kukata mito ni kazi ya kutwa, na huenda mtu akalala njiani.

Kupanda si tatizo kubwa kwa mwenye gia. Ile baiskeli ya zamani tuliyoizoea, Black Mamba, ina gia moja: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kwenye kilima mwenyewe hushuka na kuisukuma. Baiskeli ya changarawe yenye meno 40 mbele inaweza kuwa na gia ya meno 42 nyuma, na hapo gurudumu halifikishi hata mzunguko mmoja kamili. Mwendo huwa wa kobe, lakini miguu haishindwi.

Wengi huogopa kupanda. Kupanda huchosha, ila anayeanguka akipanda huinuka akajipangusa vumbi. Mtihani wa nchi hii ni kushuka mtoni.

Barabara kuu ya kutoka Meru hadi Embu imejengwa kwa kukata mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, na msomaji wa maeneo haya hahitaji kukumbushwa Daraja la Nithi. Julai 2022 basi lililokuwa likiteremka hapo lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hiyo ni barabara ya lami.

Mwezi uliofuata, Agosti 27, 2022, mchezo wenyewe ukapata msiba. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mbio za Vermont Overland nchini Marekani, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa ameendesha baiskeli kwa malipo katika timu ya Bike Aid ya Ujerumani, na ndiye aliyekuwa mlezi wa vijana wengi katika fani hii.

Hesabu ya mteremko haina huruma. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Zaidi ya hayo, kwenye moramu kavu kokoto huviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni, hivyo breki inaweza kulikamata gurudumu barabara na baiskeli ikaendelea kuteleza.

Anayejua kazi hupunguza mwendo kabla ya kona, akiwa bado amenyooka. Akishaingia kwenye kona huachilia. Hukanyaga pedali zote mbili zikiwa sambamba, hunyanyua makalio kidogo na kuyarudisha nyuma, na huminya breki zote mbili taratibu. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini gurudumu la mbele likiteleza hakuna muda wa kujitetea. Macho nayo huyatupa mbali, mahali anapotaka kwenda. Anayekodolea shimo macho huishia shimoni.

Tairi nalo lina siri yake. Mazoea yetu ni kulijaza upepo hadi liwe gumu kama jiwe. Kwenye changarawe hilo ni kosa, kwa sababu tairi gumu hurukaruka na kupoteza mshiko. Tairi la milimita 40 linatosheka na pauni 30 hadi 40 kwa kila inchi mraba, kutegemea uzito wa mtu. Siku hizi wengi huondoa tyubu kabisa na kutia ndani maji mazito yanayoziba tundu lenyewe. Na ukanda wa chini, wenye miiba ya migunga, hapana anayeyadharau.

Kuna pia yale matuta madogo madogo yanayofanana na ubao wa kufulia nguo. Hayaletwi na wakandarasi, kama watu wanavyodhani. Ni magurudumu ya magari yenyewe, yakirudia kurukaruka mahali pale pale penye udongo mkavu uliolegea. Kwa kawaida ukingo wa barabara huwa na matuta machache, na baiskeli, tofauti na gari, inaweza kuuchagua.

Mvua hubadilisha yote hayo. Katika misimu ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ule udongo mwekundu wa volkano hugeuka gundi. Hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka, na hapo baiskeli ya bei yoyote hubebwa begani. Huko chini, ambako baadhi ya mito huvukwa kwenye madaraja ya saruji yanayofunikwa na maji, hatari huwa kubwa zaidi. Mvua inaweza kuwa imenyesha Nyambene usiku huku anga ya bondeni ikiwa safi. Maji mekundu yanayopita kwa kasi juu ya saruji hayaonyeshi kina chake, na mtu hana budi kungoja yapungue au kurejea alikotoka.

Swali ni nani atakayeendesha. Kabla ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki zisizozidi sisi 250 mwaka wa 2008, baiskeli ndiyo iliyobeba maziwa, magunia na abiria katika sehemu nyingi za nchi. Pikipiki zilipomiminika, baiskeli ilirudi nyuma, na mafundi wengi wakageukia injini. Baiskeli mpya ya changarawe sasa haiko mbali na bei ya pikipiki mpya, na kijana wa Maua mwenye fedha hizo atanunua pikipiki. Simlaumu.

Lakini si lazima kuanza na ya bei hiyo. Baiskeli ya milimani ya mtumba, yenye gia nzima na breki zinazoshika, ikifungwa tairi zisizo na meno makubwa, itamfikisha mtu karibu kila mahali palipotajwa hapa. Fedha zitakazobaki zinunue kofia ngumu na vipande vipya vya breki.

Anayetaka kujaribu aepuke lami ya Meru–Maua nyakati ambazo magari ya miraa yanakimbizana na soko, kwani kasi ya magari hayo haihitaji maelezo. Ajue pia kwamba mwisho wa safari yake ni langoni. Hell's Gate huko Naivasha inajulikana kwa kuruhusu baiskeli, lakini Mbuga ya Meru ina simba, nyati na ndovu, na huko huingiwa kwa gari.

Tena wageni wengi hufurahia mteremko wa asubuhi na kusahau kurudi. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na maji yamekwisha, mlima ule ule huwa umegeuka na kuwatazama usoni. Afadhali kulala chini na kupanda alfajiri kukiwa na ubaridi, au kupatana mapema na matatu inayorejea Maua, baiskeli ikafungwa juu ya paa kwa kamba, pamoja na magunia ya ndengu.